Injini ya Kulia

Bonde la Halawa, Molokai, Hawaii
9 Machi 1998

Kwa Bwana Musallam,

Hunijui, lakini mimi jina lako nimelizoea. Naitwa Restituta, mke wa Kaleo, yule rubani wenu aliyeanguka na ndege baharini tarehe kumi na moja mwezi uliopita. Kaleo alikutaja karibu katika kila barua. "Hapa Maskati kuna fundi wa ndege," aliniandikia, "Mwarabu aliyezaliwa Unguja. Tunaongea Kiswahili mpaka wenzetu wanadhani tunawasengenya." Kiswahili hicho nilimfundisha mimi, kule Ngara, mwaka 1994, yeye akileta ndege za chakula cha wakimbizi na mimi nikiandika mizigo uwanjani. Kwetu ni Bukoba. Tulioana mwaka uliofuata, akanileta huku kwao.

Huko Maskati sina mtu mwingine wa kumwuliza. Ofisi ya bosi wenu, Bwana Ghanim, imeniletea karatasi moja kwa faksi ya posta ya hapa. Wanasema injini ya kulia ilizimika kwa sababu rubani alisahau kubadilisha tangi la mafuta. Alisahau! Kaka yangu, mimi nimeishi na mtu huyu. Hata ndege ndogo ya kunyunyizia mashamba dawa hakuipanda kabla ya kuizunguka mara tatu, akiishika huku na huku kama mtu anayenunua ng'ombe. Kifo chake wamekiandika kwa mistari minne. Mstari wa tano unanifahamisha kwamba gari la Bwana Ghanim lilimaliza mashindano likiwa la nne, baada ya kuazima kifaa kwa timu nyingine.

Mama mkwe wangu, Mama Haunani, hana haja na ripoti. Anauliza kitu kimoja tu: yuko wapi? Huku mifupa ya mtu huitwa iwi, na wanaamini nguvu yake yote imebaki humo. Mtu wao akifa mbali, mifupa hutafutwa ikarudishwa kwenye ardhi iliyomlea. Kila asubuhi Mama anasimama mlangoni akitaja majina ya ukoo wao, walio hai kwanza, kisha waliokufa. Akifika kwa Kaleo ananyamaza. Hajui amweke upande gani.

Niambie ulichokiona. Usinionee huruma.

Restituta Kahinu


Ghubra, Maskati
2 Aprili 1998

Dada Restituta,

Barua yako nimeisoma ndani ya gari, nje ya posta, nikaisoma tena kabla ya kutia ufunguo. Mwenyezi Mungu akupeni subira, wewe na Mama.

Khabari za kazi yetu pengine alikueleza. Bwana Ghanim ni mtu wa mashindano ya magari ya jangwani, na mwenyewe ndiye dereva. Magari yako kwenye ghala Rusayl. Ndege yake ya injini mbili iko uwanja wa Sib, ilikuwa na viti tisa, tukang'oa vitano zipite tairi. Mashindano yakiwa Dubai, au Qatar, au huku kwetu, ndege hutangulia na mafundi, tairi na masanduku ya barafu, na Bwana Ghanim kashavaa ile nguo isiyoshika moto tangu nyumbani kwake. Kaleo akicheka, akisema kakimbia magunia ya unga Ngara kaja kuchukua tairi Maskati.

Ijumaa alikuwa akila kwetu. Mke wangu Nasriya akimpikia wali wa nazi, naye akimfundisha binti yetu Shariffa ngoma ya kwenu, ile inayochezwa na mikono, mkono huu mvua, mkono huu mlima. Nyumba nzima ilimzoea.

Siku ile mashindano yalikuwa Sur. Giaboksi ya gari la bwana ilivunjika, Kaleo akapelekewa salamu apeleke nyengine. Aliondoka saa moja asubuhi, peke yake na mzigo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hazijapita dakika ishirini akaita kwenye redio kuwa injini ya kulia imezima. Hakuita tena. Boti zilitafuta siku sita upande wa Qantab, zikapata kipande cha bawa na kiti kimoja. Yeye, bahari haijamrudisha.

Ripoti sikuiandika mimi. Chombo kina mambo yake, dada, na aliyekuwa juu ni yeye peke yake. Nnachoweza kukwambia ni kuwa alikuwa rubani mzuri na rafiki yangu.

Nduguyo,
Musallam


Halawa, 27 Aprili 1998

Kaka Musallam,

Asante sana. Nilimtafsiria Mama maneno yako kwa Kiingereza, akaniambia nirudie pale pa ngoma ya mikono. Nilirudia mara tatu. Halafu akanionyesha mwenyewe, huu mvua, huu mlima, na kumbe mvua ya bonde hili ina jina lake na ya bonde la pili ina jina jingine, kwa hiyo hata mkono haukai vilevile. Mwambie Shariffa.

Leo nataka kukusimulia jambo la kuchekesha, maana tangu Februari sijacheka na naogopa nimesahau. Huku ndizi haipandi chomboni. Wanaamini inafukuza samaki. Mimi, mtoto wa Bukoba niliyekulia kwenye migomba, siku ya kwanza Kaleo anakwenda kuvua na wajomba zake katika ngalawa yao nikamfungia ndizi sita. Walipoziona walishuka wote, wakabeba nyavu, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyenigombeza. Kaleo aliketi mchangani, akamenya moja moja, akazila zote sita mbele yao, kisha akaniita nikae karibu yake.

Ndiye mtu ninayemtafuta.

Nina maombi mawili. La kwanza: umesema boti zilitafuta upande wa Qantab. Wenyeji wa hapo ni wavuvi, sivyo? Waulize wewe mwenyewe, kwa lugha yao. Bahari ina tabia ya kurudisha kitu watu wakishaondoka. La pili ni dogo: alikuambia nini mara ya mwisho? Hata kama ni neno la kazi tu. Nataka kulijua.

Dada yako,
Restituta


Ghubra, 30 Mei 1998

Dada Restituta,

Samahani kwa kuchelewa. Joto limeanza na kazi ni nyingi.

Qantab nimekwenda. Nimewauliza. Hawajaona kitu.

Neno lake la mwisho, aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema nikale.

Nakuomba wewe na Mama msitaabike kufikiria safari ya huku. Mji wetu kwa sasa ni moto, na hakuna cha kuona ila maji. Kuna watu wengi bahari imewachukua na wazee wao wakaridhia. Mwombeeni tu.

Musallam


Halawa, 8 Julai 1998

Kaka Musallam,

Mama anasema atakuja. Nimemweleza kuhusu joto, amesema alizaa watoto watano kando ya volkano, joto halimtishi. Amekata majani marefu ya mkadi, ameyakausha, sasa anasuka kikapu. Sijamwuliza cha nini. Najua.

Lakini leo nimekuandikia kwa ajili ya jambo jingine, na litakufurahisha. Jana nimepata barua ya Kaleo. Usishtuke, ni ya zamani. Aliiandika tarehe sita Februari, siku tano kabla ya ajali, ikapelekwa kimakosa kisiwa cha pili ikakaa huko miezi mitano. Nilipouona mwandiko wake kwenye bahasha nilidhani nimechanganyikiwa. Nimeisoma nikiwa nimesimama ndani ya maji ya shamba la magimbi, kwa sababu mtu wa posta alinikuta hapo na miguu haikutaka kutoka.

Sikiliza alivyoandika: "Pampu ya mafuta ya injini ya kulia inavuja. Musallam ameagiza nyingine kutoka Ulaya. Bosi anapiga kelele, lakini nimesema siruki mpaka ifike, na Musallam yuko upande wangu. Usiwe na wasiwasi, Resti. Akisema yeye iko sawa, iko sawa."

Umeona? Mtu anayekataa kuruka kwa sababu ya tone la mafuta, ndiye atasahau tangi? Barua hii ni ushahidi wetu, kaka. Wewe ndiye uliyefunga pampu mpya, wewe unajua injini ilikuwa katika hali gani. Niandikie tu ilifika siku gani na uliifunga lini, niambatanishe na barua yake, niwapelekee wale waliochunguza. Pampu ilifika lini?

Nakutegemea.

Restituta


Ghubra, 19 Septemba 1998

Dada yangu Restituta,

Mie Nasriya, mke wake Musallam. Usione ajabu kuona mwandiko wa kike. Hajui kama nnakwandikia.

Barua yako ya mwezi wa saba nimeikuta ndani ya kabati ya nguo zake, chini ya kanzu za Idi. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka karatasi imekatika. Nimeona umeuliza mambo ya pampu. Mie sijui pampu. Najua mume wangu kaacha kazi tangu siku aliyoipata barua hiyo. Bwana Ghanim kaleta watu mara mbili wamrudishe, hakutoka nje kuwaamkia. Mtu aliyekuwa hanyamazi, sasa nikimwuliza chai au kahawa ananambia ndiyo.

Kila Ijumaa baada ya sala anachukua gari, hasemi anakwenda wapi. Nikadhani, Mungu anisamehe, kaoa. Ijumaa iliyopita nikamwambia kaka yangu tumfuate. Kafika Qantab. Kapanda kwenye makaburi yao madogo juu ya ufukwe, kakaa mbele ya kaburi moja lisilokuwa hata na jiwe la maana, kakaa kama saa nzima. Alipoondoka nikateremka, nikamwuliza mzee mmoja wa hapo, Mahfoudh jina lake. Akanambia: "Huyu hapa ni maiti tuliyemkuta ufukweni mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Sura haikuwapo tena. Tukadhani ni baharia wa ile jahazi ya mizigo iliyozama, tukamwosha, tukamsalia, tukamzika siku ileile, maana hakuwa wa kungoja. Huyu mumeo alikuja mwezi wa tano kuuliza. Nikamtolea saa niliyoivua mkononi kwake. Alipoiona akakaa chini."

Nimeiona hiyo saa, dada. Musallam hakuichukua. Ina mshale mmoja wa kijani zaidi ya saa za kawaida. Kaleo alikuwa akinionyesha mwenyewe mezani kwangu, akinambia, "Huu, Mama Shariffa, unaonyesha saa za Molokai."

Mumeo yuko Qantab. Kwa nini Musallam kakuficha miezi yote hii sijui, na sina ujasiri wa kumwuliza. Lakini mie pia nna mama, na nimeona haifai kulala na neno hili kifuani.

Nasriya


Halawa, 12 Oktoba 1998

Musallam,

Najua kuhusu kaburi. Usimgombeze aliyeniambia.

Uliniandikia kwa mkono wako: "Hawajaona kitu." Wakati ule ulikuwa umeshaishika saa yake.

Nimekaa siku tatu nikitafuta sababu ya mtu mwema kumficha mama mifupa ya mwanawe. Nimepata moja tu, na naiogopa. Kwa hiyo nakuuliza tena swali ambalo hukulijibu mwezi wa saba, na safari hii sikuulizi kwa furaha.

Pampu ilifika lini?

Restituta


Ghubra, 5 Novemba 1998

Dada Restituta,

Pampu ilifika tarehe kumi na tano Februari. Siku nne baada ya yeye kufa.

Nitakwambia kama ilivyokuwa, na sitajipunguzia.

Siku ile ya kumi na moja, alfajiri imeshapita, nipo hangani, kwenye banda la ndege, simu ikalia. Bwana Ghanim, yuko Sur.

"Ndege inaruka?"

"Pampu ya kulia haijafika, bwana."

"Sikukuuliza pampu. Nimekuuliza, inaruka?"

"Inavuja kidogo."

"Basi ibane. Gari langu limelala hapa na watu wananicheka. Nataka giaboksi kabla ya saa tatu. Au nitafute fundi mwengine?"

Nikaibana. Nikatia mpira wa zamani wa kuzuia uvujaji, uliokuwa na afadhali, nikafuta mafuta kwa kitambaa, nikaiwasha nikaizima, ikawa kavu. Halafu nikafungua daftari la ndege nikaandika: pampu ya kulia imebadilishwa. Nikatia saini. Utaniuliza kwa nini. Nlikuwa nna khofu ya kazi, ni kweli, lakini hiyo siyo yote. Ndani ya mwaka mmoja nshatia saini namna hiyo mara mbili, kwa vitu vidogo, na ndege ikarudi. Nlikuwa nishazoea kuona inarudi.

Kaleo alifika saa kumi na mbili na nusu. Akaizunguka mara tatu, kama ulivyosema. Akainama chini ya injini ya kulia, akapitisha kidole pale pale, kidole kikatoka kikavu. Wapakiaji walikuwa karibu. Nadhani hakutaka kunivunjia heshima mbele yao, ndiyo maana akaniuliza kwa Kiswahili.

"Musallam, imefika?"

"Imefika jana. Nimeifunga mwenyewe."

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Akanipiga bega akapanda. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Lile la kuniuliza kama nimekula nlilitunga, kwa sababu uliomba neno na nlikuwa sina la kukupa.

Kilichotokea juu nnakijua kama nlikuwamo. Mpira ule haukuhimili. Mafuta yalimwagika, injini ikazima, na ndege ilikuwa imejaa mzigo mzito kupita kiasi kwa injini moja. Wachunguzi walipofungua daftari wakakuta pampu mpya, saini yangu, tarehe. Chombo kizima, fundi kafanya kazi yake. Hapakubaki wa kulaumiwa ila yeye. Nlikuwa nimekaa kwenye kiti mbele yao, nikawasikia wakiulizana kama huenda alisahau tangi, na mie nikasema, "Huenda."

Pampu ilipokuja nikalipeleka sanduku Rusayl, nikalisukuma nyuma ya tairi kuukuu. Bado liko. Halijafunguliwa.

Kaburi nililificha kwa sababu kulifukua ni kuita polisi, na polisi wakija wataanza kuuliza upya. Nikajidanganya kuwa kazikwa vizuri, kaoshwa, kasaliwa, yuko salama. Nikawa nakwenda kumtazama, kama kwamba kumtazama ni kitu.

Barua hii ina saini yangu, na hii ni ya kweli. Ipeleke unakotaka.

Musallam


Ghubra, 17 Aprili 1999

Dada Restituta,

Natumai mlifika salama na mzigo wenu.

Tangu mlipokuja kumchukua Kaleo mkaondoka Februari, nimeanza barua hii mara nyingi. Nakuandikia ujue yaliyofuata, kwa sababu una haki ya kuyajua, na Musallam mwenyewe hawezi kuandika kwa sasa.

Ile barua yake uliyomrudishia pale mlangoni kwetu, ukamwambia, "Ipeleke mwenyewe, mimi sitakufanyia kazi hiyo," aliiweka mezani siku mbili. Siku ya tatu akaoga, akavaa kanzu mpya, akaenda Rusayl akatoa lile sanduku, akaenda polisi. Mie nilimpeleka kwa gari mpaka getini. Akanambia nisimngoje.

Wamempa miaka miwili, na leseni ya ufundi kapokonywa, hataishika tena ndege maisha yake. Wamefungua sanduku mbele ya kadhi, pampu inang'aa, na karatasi ya kupokelea ina tarehe kumi na tano. Ripoti itaandikwa upya. Jina la Kaleo litasafishwa, hilo wamelisema wazi.

Bwana Ghanim kaapa kuwa hakupiga simu. Hakuna aliyeisikia ila Musallam, na Musallam ni mtu aliyekwisha kukiri kuwa ni mwongo. Kwa hivyo Bwana Ghanim kaenda zake. Mwezi huu kanunua ndege nyengine, kubwa kuliko ile. Mashindano ya Dubai kashika nafasi ya pili, picha yake iko gazetini.

Shariffa ananyamaziwa na wenzake skuli. Alimpenda sana Kaleo, na baba yake pia anampenda, na sijui mtoto wa miaka tisa aviweke wapi vitu viwili hivyo. Ile ngoma ya mikono kaiacha.

Nimekwenda kumwona Musallam Jumatatu. Kakonda. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama mmemsamehe. Nami nauliza la kwangu, kama una kinyongo na mie pia, kwa sababu siku ile uwanja wa ndege ulipoondoka hukunipa mkono. Labda ulikuwa umebeba kikapu, sikumbuki vizuri.

Nasriya


Halawa, 20 Juni 1999

Musallam,

Barua hii inakuja kwa mikono ya Nasriya. Kwanza nataka umwambie yeye, au asome mwenyewe hapa: nilikuwa nimebeba kikapu. Dada Nasriya, bila wewe mume wangu angekuwa bado amelala kwa jina la mtu mwingine. Mkono wangu ni wako siku yoyote.

Sasa ni wewe.

Hukuwapo karibu siku ile Qantab. Ulisimama chini, kando ya gari, umegeuza uso, kwa hiyo nitakueleza. Kadhi alikwisha kuruhusu, akasema waliomzika walifanya wema na mama ana haki yake. Mzee Mahfoudh ndiye aliyeingia kaburini, hakutaka mwingine aingie. Alitoa kimoja kimoja, taratibu, akimpa Mama, na Mama akipanga kwenye kile kikapu alichokisuka tangu mwezi wa saba, miguu kwanza. Hawakuelewana neno hata moja. Mwisho mzee akasema kitu kwa Kiarabu, na Nasriya akanitafsiria: "Mwambie nilimwosha kama ningemwosha wangu." Nikamwambia Mama. Mama akasogea, akamshika mzee mabegani, akaweka paji lake kwenye paji lake na pua yake kwenye pua yake, wakavuta pumzi moja. Hiyo ndiyo heshima kubwa ya watu wa huku. Mzee wa watu hakujua atazame wapi, lakini hakurudi nyuma.

Barua yako ya kukiri nilikuwa nimemsomea Mama kabla ya safari. Tulikuwa mezani. Huku bakuli la magimbi yaliyopondwa likiwa wazi ni mwiko kusema neno la ugomvi, kwa hiyo alilifunika kwanza kwa sahani, ndipo akaniambia nisome. Nilipofika pale pa kidole kilichotoka kikavu alinisimamisha. Akaniuliza, "Alimwambia kwa mdomo wake kwamba iko sawa?" Nikasema ndiyo. Alitoka akaenda shambani, akang'oa magugu mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo hajalitaja jina lako. Sidhani kama atalitaja.

Tumemzika mwezi wa tatu, mahali ambapo ni ndugu tu wanaopajua, kama desturi yao ilivyo. Mimi wamenionyesha. Ripoti mpya imefika wiki iliyopita, kurasa kumi na moja, inasema rubani hakuwa na kosa lolote. Nimeisoma yote. Nilidhani nikiipata nitasikia kitu.

Unauliza kama tumekusamehe.

Nimelifikiria swali lako kwa uaminifu, kwa sababu ulifanya jambo gumu ulipokwenda polisi, na najua ungeweza kutokwenda. Nimelipeleka kanisani, nimelipeleka shambani. Lakini kila nikikaribia, narudi palepale hangani. Yeye ameinama, ananyoosha kidole, anakuuliza kwa lugha niliyomfundisha mimi. Ungesema tu haiko sawa. Silabi moja tu zaidi. Kaleo angevua kofia, mngekwenda kunywa chai, na yule bwana angekasirika. Basi.

Kwa hiyo nakujibu ili usibaki gizani. Sijakusamehe. Usiniandikie tena, wala usimtume Nasriya aniulize. Nisipoandika, usidhani kimya changu ni msamaha, ni kimya tu. Siku nitakapoweza, kama siku hiyo ipo, nitakuandikia mwenyewe.

Restituta, mke wa Kaleo